Kumleta Mama Mkwe Apande, Mwezi wa Nne

Watu huja kwetu Desemba. Wanatoka Nairobi, Nakuru, Mombasa, wanakuja na watoto ambao hawajui kulala ndani ya neti, wanakula samaki ngege wa kukaanga pale Kendu Bay, wanazunguka Ziwa Simbi wakipiga picha, wanasema, "Kumbe nyumbani ni kuzuri hivi!" Januari ikifika wameenda wote, vumbi lao limebaki barabarani. Ukitaka kujua habari za Homa Bay au Migori, hao ndio wanaoulizwa, na hao ndio wanaojibu. Lakini mtu wa Desemba amekuona kwetu kukiwa kumevaa nguo ya kanisani.

Mimi nataka kuandika kuhusu mwezi wa nne, mvua ikiwa juu ya kila kitu. Niliacha shule darasa la sita, kwa hivyo atakayeona makosa ayaruke kama anavyoruka dimbwi. Nina mguu wa kushoto ambao haukunjiki vizuri tangu miaka ile ya tisini, na nikianza kuandika juu ya mvua lazima niwataje walionifanyia huo mguu. Majina nimeyaacha, kwa sababu wengine wamekufa na wengine wana watoto ambao hawakukosa. Kazi zao nitazitaja, na wao wanajijua. Lakini hao walikuwa wachache. Wengi niliokutana nao safari ile walikuwa watu ambao hadi leo nikiwakumbuka nafurahi kwamba nilizaliwa nchi moja nao.

Boma letu liko upande wa huku wa Kendu Bay, kama unatoka Homa Bay. Tulikuwa wanawake watatu. Mama mkwe, ambaye alikuwa mjane. Mimi, mke wa mwanawe wa kwanza. Na mke wa mwanawe wa pili, ambaye mimi namwita nyieka, ndivyo tunavyoitana wake wa ndugu. Waume zetu wote wawili walikuwa Mombasa, na wao pia walikuwa watu wa Desemba, Mungu awasamehe.

Sasa, kwetu hakuna mtu anayeweka mbegu ardhini kabla mama wa boma hajaweka yake. Mama kwanza. Halafu mke wa mwana mkubwa. Halafu anayefuata. Ukiruka, unaleta chira, huo mkosi unaoingia ndani ya mtu na kumkausha polepole, yeye au mtoto wake, na hakuna hospitali inayouona. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, Jumapili tunaimba hadi jasho, lakini sikuona hata mmoja aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza kujaribu kama ni uongo.

Mwaka huo mama mkwe alikwenda Ogwedhi, kwao alikozaliwa, kule mpakani na Narok, kumzika kaka yake. Aliondoka ardhi ikiwa kavu. Alisema atarudi baada ya wiki moja. Kabla wiki haijaisha mvua ilifika, mapema kuliko kila mtu alivyodhani, na ikakaa. Barabara ya kutoka Ogwedhi ikafungwa na matope. Majirani wote wakapanda. Mashamba yao yakaanza kuwa na vile vistari vya kijani. Letu lilikuwa limelimwa, jeusi, safi, tupu.

Msimu uliotangulia mahindi yetu yalikuwa yamekauka yakifika magotini. Ghala lilikuwa na panya tu, na hao panya wenyewe walikuwa wanahama. Mimi nilikuwa na watoto wawili, nyieka wanne. Kwetu mbegu ikichelewa, jua la mwezi wa sita linaikuta bado changa, na hapo umekwisha. Kwa hivyo kila siku tuliyokaa tukiangalia mvua nzuri ikinyesha juu ya shamba tupu ilikuwa siku inayotolewa kwenye midomo ya watoto sita.

Jumapili baada ya kanisa nyieka alinijia nikiosha sufuria. Alikuwa mtu wa maneno makali, mwembamba, mwenye mikono mirefu.

"Nyieka," akasema, "tutakula hii mila?"

"Mama atakuja."

"Atakuja lini? Akiwa amebebwa na nini, na ndege?"

"Nitaenda kumleta."

Akacheka. "Wewe mtu wa Oyugis, mtu wa mawe, ukaingie matope ya Ogwedhi? Sawa. Nenda. Lakini sikiza. Ikifika Ijumaa jioni hamjaonekana, Jumamosi asubuhi mimi napanda. Hiyo chira ije inikute shambani nikiwa na jembe."

"Na ukiua mtoto?"

"Njaa nayo inafanya nini, inawalea?"

Nilimwachia watoto wangu, nikamkasirikia njia nzima. Katika wale niliowapanga kichwani kama wakosaji, nilimweka yeye mbele.

Kufika Ogwedhi kulinichukua siku mbili. Sitaeleza kwenda, kwa sababu nilikwenda nikiwa nimefumba macho kwa hasira. Mama nilimkuta ameketi mlangoni kwa kaka yake, amevaa koti kubwa la marehemu, miguu yake miwili imeoshwa, na furushi liko tayari pembeni.

"Umechelewa," akasema. "Nani amepanda?"

"Hakuna, mama."

"Hata yule wa mikono mirefu?"

"Amesema anangoja hadi Ijumaa."

Akafikiri. "Ijumaa ni karibu," akasema, akainuka.

Watu wa nyumba ile walimzuia. Mvua ilikuwa nzito, na yeye alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa kifua. Walimshika hadi Alhamisi. Alhamisi alfajiri hakuaga mtu. Alinigusa bega, tukatoka.

Hapo ndipo macho yangu yalifunguka. Sijawahi kusikia mtu akisema Ogwedhi ni pazuri. Watu wanaijua kwa soko la ng'ombe, na wanaotoka huko wanalalamika. Lakini wewe simama pale mwezi wa nne asubuhi. Kuna baridi ambayo mtu wa ziwani haijui, baridi inayokukamata masikio. Ukungu umeshuka kutoka milima ya upande wa Wamasai na umelala juu ya nyasi kama blanketi, na ndani ya ukungu huo unasikia kengele za ng'ombe bila kuona ng'ombe. Halafu jua linapasua kidogo, na unaona mgongo mmoja mwekundu, halafu kumi, halafu mia, wote wanatoa mvuke. Nyasi zina kijani ambacho sina neno lake. Nilisimama kama mjinga.

"Tembea," mama akasema. "Kwetu hapa hakukimbii."

Matope ya kule si ya mchezo. Ni udongo mweusi unaonata, kila hatua unainua shamba zima. Nilikuwa na viatu vya plastiki, kimoja kikabaki chini baada ya hatua ishirini na sijakiona tena. Mama alivua vyake tangu nyumbani. Akanionyesha.

"Vua. Sasa usitangulize kisigino. Tanguliza vidole, vikunje, shika navyo. Kama unaokota maharagwe kwa mguu."

"Nitaanguka."

"Utaanguka. Halafu utainuka. Shika fimbo mkono wa upande wa juu, si wa chini. Nani alikufundisha kutembea?"

"Mama yangu."

"Alikufundisha kutembea juu ya mawe."

Kufika katikati ya njia nilikuwa nimejua. Naandika hili kwa kujivuna. Kuna elimu kwenye mguu, na mama yule, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, alikuwa mwalimu wake.

Tulilikuta lori la ng'ombe limezama hadi kwenye ekseli. Dereva alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa Nakuru, amekaa kwenye ngazi ya lori ameshika kichwa. Ng'ombe walikuwa juu, wanalia. Mahali penyewe palikuwa bonde dogo ambapo kalvati ingewekwa maji yangepita chini na gari lingepita juu. Kalvati ililetwa kweli. Watu wa pale walituambia ilikaa kando ya njia miezi mingi, halafu ikaonekana kwenye lango la diwani wao, imepangwa vizuri ili maji yasiingie kwake. Huyo ndiye mkosaji wa kwanza: diwani wa wakati ule, mwenye kalvati za watu langoni kwake. Hajafungwa.

Dereva akasema, "Mimi nalala hapa. Nitakufa hapa na hawa ng'ombe."

Mama akamwangalia. "Umeita watu wa maksai?"

"Watu wa nini?"

Mama alikwenda juu kidogo ya bonde, akaweka mikono mdomoni, akaita mara tatu kwa sauti ambayo sikujua anayo. Kutoka ukungu upande mwingine mtu akaitikia. Baada ya muda wakaja wanaume wanne, Wakuria wawili, Mluo mmoja, na mzee wa Kimasai aliyekuwa amejifunika nailoni juu ya shuka, na maksai wanane wakiwa wawili wawili kwenye nira. Hawakuja na mnyororo tu. Walikuja na matawi waliyoyakata njiani tayari, kwa sababu walijua ni bonde gani.

"Mgeni," Mkuria mmoja akamwambia dereva, "hii gari yako ulikuwa unafikiri ni mtumbwi?"

"Niliambiwa barabara iko."

"Iko. Si hiyo unayoikanyaga?"

Wote wakacheka, dereva naye akacheka bila kutaka. Walifanya kazi ambayo ningelipa kuiona tena. Kwanza waliteremsha ng'ombe, mmoja mmoja, bila kupiga hata mmoja. Wakachimba mbele ya magurudumu, wakatandika matawi, na yule mzee wa Kimasai akaenda mbele ya maksai, akaanza kuwaambia maneno polepole, kama mtu anayemsihi mtoto ale. Hakuwachapa. Walipovuta, walivuta pamoja, shingo chini, na matope yakatoa sauti kubwa kama mtu anayeng'olewa jino. Lori likatoka. Mzee akapitisha mkono kwenye pua ya kila maksai, wote wanane, kabla hajamwangalia binadamu yeyote.

Dereva alitupakia mbele pamoja naye. Jioni tukafika lami, usiku tukalala Rongo kwa mama mmoja wa kibanda cha chai. Hakutujua. Aliona tu miguu yetu. Alileta karai la maji moto, akamuosha mama mkwe wangu miguu kwa mikono yake, akachokoa udongo kwenye kucha kwa kijiti, huku akiuliza habari za ng'ombe kule Ogwedhi kama mtu anayeuliza habari za ndugu. Nawaambieni, huyo mama Desemba yuko pale pale, anauza chai, na wageni wanapita hawamwoni.

Ijumaa tulifika Homa Bay mapema. Ziwa siku hiyo halikuwa lile la picha. Lilikuwa la kijivu, limeungana na mbingu, na Mlima Homa ulikuwa umekatwa nusu na mawingu. Mvua ilikuwa inatembea juu ya maji, unaiona ikija kama watu wengi waliovaa kijivu. Mimi nililipenda ziwa siku hiyo kuliko siku zote.

"Leo tutafika," nikamwambia mama. "Ni Ijumaa."

"Usiseme kabla ya mto," akasema.

Na kweli. Gari lilituteremsha kabla ya Awach. Daraja halikuwepo. Lilikuwa limekwenda na maji siku mbili kabla.

Hapa namtaja mkosaji wa pili, na huyu ndiye mwenye mguu wangu. Ni mkandarasi aliyelijenga. Alilijenga wakati wa ukame, akalifungua Desemba, wageni wakiwa wamejaa, wakakata utepe, akina mama wakacheza, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao, nikipiga vigelegele kama mwehu. Mafundi wake waliokuwa wanalala kwa jirani yetu walituambia baadaye: vyuma viliwekwa vile vya kuonekana tu pembeni, katikati ni mchanga na mawe. Lilivumilia jua vizuri sana. Maji ya kwanza ya mwezi wa nne yalilisukuma kama mlango usiofungwa. Na mkosaji wa tatu ni naibu chifu, aliyeweka sahihi kwamba kazi imekamilika huku akijua, halafu baada ya daraja kwenda akaja kutuambia ni kazi ya Mungu. Mungu hakuwa mkandarasi pale.

Maji yalikuwa juu mno siku hiyo, hakuna aliyevuka. Tulilala kwenye kanisa la upande ule tuliokwama, watu kama thelathini, tumebanana na magunia na kuku. Mama alilala usingizi mzito. Mimi nililala jicho moja wazi, nikimwona nyieka na mikono yake mirefu, kesho asubuhi, akitupa mbegu.

Jumamosi maji yalikuwa yameshuka hadi kifuani mwa mtu mrefu. Watu wa mto walikuwa wameshafunga kamba ya katani, mti huku, mti kule. Walikuwa wawili wanaovusha watu mabegani, na mmoja alikuwa ameteguka bega juzi yake, kwa hivyo alibaki akikaza kamba. Aliyebaki alikuwa jitu, shingo kama ya fahali. Alivusha mwalimu, akavusha mwanamke mjamzito akiwa amemwinua juu kama sinia, akarudi akimpigia kelele mzee mmoja aliyekataa kuvua kofia.

Zamu yetu ikafika. Nikamsogeza mama mbele. Yule jitu akamwangalia, halafu akageuka haraka akampa mgongo, kama mtu aliyeona moto.

"Huyu siwezi," akasema akiangalia miti.

"Huwezi nini? Ni mwepesi."

"Si uzito. Huyu ni maro wangu."

Watu wote wakasema, "Aaa!" Kumbe alikuwa amemwoa binti wa shemeji yake mama, na kwetu binti wa shemeji ni binti yako, kwa hivyo mama alikuwa mama mkwe wake. Na mwanaume wa kwetu hamshiki mama mkwe. Hamshiki mkono, hakai naye kiti kimoja, seuze kumweka mabegani akiwa na nguo zilizolowa, mbele ya kijiji.

"Fumba macho," mtu akamwambia.

"Nikifumba macho nitajuaje mto uko wapi?"

"Mweke kwenye gunia, uvushe kama mahindi!"

"Nenda wewe ukamweke mama mkwe wako kwenye gunia."

Walicheka, lakini mimi nilikuwa karibu kulia. Jua lilikuwa limepanda. Upande wa pili, mwendo wa saa moja tu, shamba letu lilikuwa linasubiri na mtu ameshika jembe. Nikamwambia yule mtu, "Ndugu yangu, tukichelewa leo, boma letu limeharibika. Ametoka Ogwedhi kuja kupanda."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Yule jitu alikuwa bado ametupa mgongo, maji yanamtiririka.

"Wewe ni nani kwake?" akaniuliza.

"Nimeolewa na mwanawe."

"Basi mbebe wewe. Mimi nitatangulia, nitakuwa kinga ya maji. Utakanyaga ninapokanyaga."

Mimi, mtu wa Oyugis, ambaye maji mengi niliyowahi kuyaingia ni ya karai. Mama hakungoja nikubali. Alisema, "Nyar Kasipul, inama," ndivyo alivyoniita, binti wa Kasipul, huko kwetu Oyugis, na nilipoinama akapanda mgongoni kwangu, akavuta leso yake, wanawake wawili wakamfunga kwangu kama mtoto mchanga, mafundo mawili kifuani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mifupa na koti la marehemu. Mbegu zake alikuwa amezitia kwenye kitambaa, akazifunga kichwani.

Tukaingia. Maji yalikuwa baridi hadi meno. Yule mtu alikwenda mbele yangu kidogo upande wa juu wa mto, kamba kwapani, mgongo wake mkubwa ukipasua maji, na hakugeuka hata mara moja. Kwa kuwa hangeweza kumwambia neno mama mkwe wake ana kwa ana hivi hivi, alipitisha maneno kwangu.

"Mwambie aliye mgongoni asiangalie maji."

Kabla sijafungua mdomo mama akasema sikioni mwangu, kwa sauti ya kutosha wa mbele asikie, "Mwambie aliye mbele kwamba nimeanza kuvuka huu mto yeye akiwa bado hajaota."

"Mwambie ashike vizuri."

"Mwambie nimefungwa. Kama ni kwenda, tunakwenda wote, na atamweleza binti yangu."

Kutoka ukingoni nikasikia watu wakicheka, na kucheka kwao kulinisaidia, sijui kwa nini. Ilikuwa kama kamba ya pili.

Katikati ndipo chuma kilinipata. Daraja lilipoanguka liliacha mabaki chini, na chuma kimoja kilikuwa kimesimama ndani ya maji, kimepinda. Mkandarasi aliweka vyuma vichache sana katika daraja lile, na kimoja nilikipata mimi. Kilinipasua kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Sikuhisi uchungu mara moja. Nilihisi joto, nikaona maji ya kahawia yamekuwa na rangi nyingine. Mguu ukakataa.

"Nimeumia," nikasema.

"Umesimama?" mama akauliza.

"Nimesimama."

"Basi vidole. Kunja vidole, shika. Mguu wa kulia. Eee. Sasa ule mwingine."

"Hauwezi."

"Unaweza. Mguu."

Yule mtu wa mbele alirudi nyuma kinyumenyume, bila kugeuza uso, hadi mgongo wake ukawa umenigusa, akanyoosha mkono nyuma, akasema, "Shika mkanda wangu." Nikaushika. Akanivuta. Mama akawa ananihesabia sikioni, mguu, mguu, mguu, mpaka nikahisi majani chini badala ya matope. Wanawake wa upande wa pili walitukamata, wakatufungua. Nilipoangalia nyuma, yule jitu alikuwa tayari anarudi majini kwa mwingine. Mama alisimama akamwangalia mgongo wake.

"Mwambieni," akasema kwa watu, "binti yangu ameolewa vizuri."

Alisikia. Aliinua mkono mmoja, bado hakugeuka.

Nilifungwa mguu kwa upande mmoja wa ile leso. Kuna mtu alituweka kwenye mkokoteni wa punda hadi karibu na nyumbani. Njia nzima mimi nilikuwa nasema peke yangu. Nilikuwa na maneno yote ya nyieka tayari, nimeyapanga vizuri: nitamwambia nini nikikuta amepanda, nitamwita nani ashuhudie, nitaandika barua gani Mombasa. Uchungu wa mguu ulikuwa umepata mtu wa kubeba lawama, na huyo mtu alikuwa yeye.

Tulifika saa nane hivi. Alikuwa shambani, kama nilivyojua. Ameinama, ana jembe. Nikapiga kelele kutoka kwenye mkokoteni, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Aliinuka. Alikuwa na magugu mkononi. Tangu niondoke, mvua ilikuwa inaotesha magugu kwenye lile shamba tupu, na yeye alikuwa ameyapalilia yote, kwenye shamba la mama, langu, na lake, mara mbili, ili likae tayari. Hakukuwa na shimo hata moja. Majirani walikuwa wamemcheka, wamemwita mlinzi wa udongo. Asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa ametoka na mbegu kwenye bakuli, akasimama nazo pale, akarudi akaziweka ndani, akachukua jembe akaanza kupalilia tena.

"Mmechelewa," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mama aliteremka kwenye mkokoteni. Hakwenda nyumbani, hakunywa maji. Alifungua kitambaa kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye shamba lake, mvua ya rasharasha ikimnyeshea, akachimba kwa jembe alilompokonya nyieka, akaweka mbegu, akafukia kwa mguu. Vidole kwanza. Alipanda mstari mmoja mzima, halafu akakaa chini palepale udongoni.

"Kesho ni wewe, nyar Kasipul," akasema.

Kesho ilikuwa Jumapili. Mwaka huo hatukuuliza kama inaruhusiwa. Lakini usiku mguu ulivimba kama mgomba, na alfajiri sikuweza kuukanyagia. Na mpaka mimi nipande, nyieka hawezi. Sasa niliyekuwa nimesimama kati yake na chakula cha watoto wake wanne hakuwa mama tena, wala diwani, wala mkandarasi. Nilikuwa mimi.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia bila hodi, ana jembe begani na bakuli langu la mbegu mkononi.

"Amka."

"Siwezi kusimama."

"Nani amesema kusimama?"

Alinishika chini ya makwapa kwa ile mikono yake mirefu, akaniburuta hadi nje, matakoni, kupitia uwanja, mpaka kwenye shamba langu. Watoto wote sita walitoka kuangalia. Alichimba shimo, mimi nikatupa mbegu, nikafukia kwa kiganja. Akachimba jingine. Nilisogea kwa makalio. Nikaanza kumwambia, "Nyieka, jana yale maneno niliyosema—"

"Tupa mbegu," akasema.

Tulifika mwisho wa mstari wa kwanza. Shamba langu, mbegu zangu, mkono wangu. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwake na koti lake, anaangalia. Akatikisa kichwa kukubali.

Nyieka hakuniaga. Aliniacha hapo hapo nimekaa kwenye udongo, akanyanyua jembe, akakimbia shambani kwake.